Vibao Arobaini na Viwili

Alama ya kidole gumba ilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa miwani. Ilikuwa ya buluu, bado mbichi kidogo. Miwani yenyewe ilikuwa yangu, ile yenye vioo vya rangi ya chungwa, ya kukinga macho na mwanga wa leza. Mimi sipaki rangi. Katika karakana yetu anayepaka rangi ni mmoja tu, naye ni baba yangu, na baba yangu alikuwa ameapa mbele ya shangazi kwamba mashine yangu hataigusa hata kwa fimbo.

Niliifuta alama kwa kitambaa, nikavaa miwani, nikawasha mashine. Lakini kuanzia dakika ile nilianza kumhesabia hatua.

Niseme mapema tulikuwa tunagombania nini. Karakana yetu ni chumba kimoja, chenye mlango unaotazama barabara na dirisha dogo nyuma. Kwa miaka thelathini na moja, katikati ya chumba hicho imekaa meza ya baba ya kupakia rangi. Baba ni mwandika mabango. Watu wanamwita Fundi Herufi, na mtaani kwetu huwezi kwenda hatua ishirini bila kuusoma mkono wake: juu ya duka la dawa, ubavuni mwa lori, ukutani mwa shule. Mimi nilisomea umeme, nikarudi nyumbani na stashahada, na mwaka mzima nikawa naunda mashine ya kuchonga inayofuata amri za kompyuta. Mota nilizitoa kwenye mashine za fotokopi zilizokufa, reli nikazitoa kwenye kabati la ofisi, na fremu nikaiunda mwenyewe kwa mbao ngumu. Shangazi, dada yake baba, anayeshona nguo chumba cha pili, aliibatiza jina la Punda kwa sababu ya mlio wake ikirudi nyuma.

Mwanzoni Punda alichonga kwa kisu kinachozunguka, na vumbi lake likawa linatua kwenye rangi mbichi ya baba. Tukavumiliana. Kisha nikanunua leza. Ni kidude kinachotosha kiganjani. Nilikifunga ubavuni mwa kisu kwa kipande cha bati nilichokikunja kwa nyundo, nikakivutia waya wa umeme na waya wa amri, ule ule ambao zamani ulikiambia kisu kizunguke kwa kasi gani. Sasa ukaiambia leza iwake kwa nguvu kiasi gani. Siku ya kwanza niliandika KARIBU kwenye mbao tupu. Herufi zilitoka nyeusi, kali, kama zimezaliwa humo humo ndani ya mti.

Baba aliinama akazitazama muda mrefu.

"Zimenyooka," alisema. Halafu akaenda kuosha brashi ambayo ilikuwa safi.

Tatizo likawa nafasi. Leza inahitaji sanduku la kuifunika na bomba la kutolea moshi dirishani, na kati ya Punda na dirisha kulikuwa na ile meza. Ilipokuja kazi ya zahanati, vibao arobaini na viwili vya milango, tukawekeana sharti.

"Vikitoka vizuri kwa Punda kabla ya Ijumaa jioni," nilisema, "meza yako inahamia barazani na chumba ni changu."

"Visipotoka?"

"Sema wewe."

"Visipotoka nitaviandika kwa mkono, na Punda atahama."

"Atahamia wapi?"

"Punda hana mahali, mwanangu. Punda ana mwenyewe."

Shangazi alicheka mpaka akajichoma sindano. Ndiye aliyekuwa shahidi. Baba akapewa kupaka vibao rangi ya msingi, mimi nikabaki na maandishi. Jumatatu jioni vibao vyote vilikuwa vimekauka, buluu ya kupauka, laini kama shavu la mtoto. Kwa kazi ya kupaka huwezi kumlaumu Fundi Herufi.

Jumanne ndiyo siku niliyoikuta ile alama ya kidole. Na Jumanne hiyo hiyo nilitia kibao cha kwanza sandukuni, nikabonyeza, nikasubiri. Nilipofunua, neno CHANJO lilikuwa limefifia kama limeandikwa kwa kucha. Nikaongeza nguvu ya leza. Nikapunguza mwendo. Neno lilibaki lile lile, mkwaruzo wa kijivu usiosomeka kutoka hatua mbili.

Nyuma yangu baba alikuwa anapiga mluzi.

Baba yangu si mtu wa mluzi.

Nilifungua kidude, nikakagua lenzi. Safi. Nikapima umbali kutoka lenzi mpaka kibao kwa kile kipande cha chuma kilichokuja nacho. Sawasawa. Nikakaza skrubu zote, kisha nikaenda chumba cha pili kwa shangazi.

"Shangazi, una rangi ya kucha?"

Akanitazama kuanzia unyayo mpaka utosi. "Leo jua limechomoza wapi? Nani huyo, nimjue?"

"Ni ya skrubu."

"Haya majina ya wanaume wa siku hizi!"

Nilimweleza. Ukipaka tone la rangi ya kucha nusu kwenye kichwa cha skrubu na nusu kwenye bati, mtu akiizungusha hata kidogo, tone linapasuka. Huo ni mlinzi asiyelala. Shangazi aliacha kucheka.

"Unamtega kaka yangu?"

"Namtega yeyote anayezungusha skrubu zangu."

"Humu ndani mpo wawili, na wewe huwezi kujitega." Alinipa kichupa, lakini alikishikilia kidogo kabla ya kukiachia. "Mtu ukimtafutia kosa, utalikosa la kwake uokote la kwako. Nichongee huo msemo mahali."

Jumatano asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika. Matone yote mekundu yalikuwa mazima. Nilitamani yawe yamepasuka, nasema kweli. Nilitia kibao cha pili, MAABARA, kikatoka kama cha kwanza. Basi nikachukua kipande cha mbao tupu, nikaandika neno lile lile kwa nguvu ile ile. Likatoka jeusi, zuri, la kuchapwa busu.

Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima. Kilichobaki ni rangi. Na rangi ilikuwa ya nani?

Nilimngoja ameze tonge la mwisho la chakula cha mchana.

"Baba, umetia nini kwenye rangi?"

"Nimetia brashi."

"Sina utani."

"Hata mimi. Brashi ya inchi mbili. Mikono mitatu ya rangi, nikasugua kwa msasa kati ya mkono na mkono."

"Umetia nta. Au chumvi."

Aliiweka sahani chini taratibu. Nilimwona anavyokasirika, kwa baba hasira huanzia masikioni. "Sikiliza, binti. Unaweza kuniita mkaidi, ukaniita mzee wa zamani. Lakini usiseme nimeharibu rangi. Tangu nikiwa na umri wako sijawahi kuharibu rangi."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio ulionikera, kwa sababu masikio yale yalikuwa yamekasirika kihalali huku macho yakikwepa. Alipotoka kwenda kununua gundi, nilichukua kopo la buluu ambalo halijafunguliwa, nikalibandua kifuniko kwa bisibisi, nikapaka kipande changu mwenyewe, nikakikausha juani. Leza ikakikwaruza tu. Nililigeuza kopo lile nikatafuta kama limewahi kufunguliwa na kufungwa tena. Nilikuwa nimefika hapo: namshuku mzee wangu, na sasa nalishuku kopo.

Mchana huo alipita Matroni wa zahanati, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha dripu iende haraka. Alitaka kuona maendeleo. Nilimwonyesha vibao vitupu vilivyopangwa vizuri, viwili vibovu nikavikalia.

"Buluu imependeza," alisema. "Unajua mimi nilitaka vya vanishi, rangi ya mti? Mzee wako ndiye aliyenishauri. Akaniambia buluu inatuliza wagonjwa. Alinibembeleza, nikasema huyu mzee anaijua kazi yake."

"Alikubembeleza?"

"Mara mbili. Alinifuata mpaka getini."

Baba yangu hambembelezi mteja. Mteja akitaka njano juu ya nyekundu, baba anapaka njano juu ya nyekundu na kumwombea. Nilimsindikiza Matroni kwa tabasamu, moyoni nikiwa nalipindua neno hilo kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. Buluu. Kwa nini buluu?

Jibu sikulipata usiku ule. Alhamisi asubuhi nilikuta kitu juu ya meza ya baba. Kibao cha zahanati kilikuwa kimelazwa pale, na juu yake mistari miwili myeusi, myembamba, imenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Naijua mistari hiyo tangu sijaanza shule. Baba anachukua uzi, anaupitisha kwenye kopo la masizi, anauvuta juu ya ubao, anaubana na kuuachia: *tap!* Uzi unaacha mstari. Herufi zake husimama kati ya mistari hiyo miwili, na akimaliza anaifuta kwa kitambaa kibichi.

Maana yake ilikuwa wazi. Ilikuwa Alhamisi, nilikuwa na siku moja na nusu mkononi, na mzee alikuwa tayari ameanza kazi ya kunishinda.

Nilikichukua kile kibao kwa hasira tu, sikuwa na akili nyingine. Nilisema, kama vyote vitaharibika, basi na hiki chako kiharibike. Nikakitia sandukuni, nikachagua neno refu kuliko yote, WAGONJWA WA NJE, nikabonyeza. Nilikaa nikisikiliza Punda akinguruma huku na huko.

Nilipofunua nilikodoa macho. Maneno yalikuwa mkwaruzo wa kijivu kama kawaida. Lakini kila mguu wa herufi uliposhuka na kukata mstari wa masizi, hapo kulikuwa na shimo jeusi, la kina, lililokula rangi mpaka kwenye mti. Juu kijivu, kwenye mstari nyeusi, katikati kijivu, kwenye mstari nyeusi.

Nilikaa chini sakafuni.

Mwanga wa leza yangu ni wa buluu. Kitu cha buluu tunakiona cha buluu kwa sababu mwanga huo ndio kinaourudisha. Nilikuwa siku tatu nakimwagia kibao mwanga ambao hakiutaki, kinaurusha nje kama mpira ukutani. Masizi ni meusi, yanaumeza wote, yanapata moto, yanachoma kilicho chini yake. Hili nililisoma. Nililifanyia mtihani nikafaulu! Kisha nikaja nyumbani nikanunua rangi ya kucha kumtega baba yangu.

Lakini aibu ilikaa dakika moja tu, kwa sababu nyuma yake lilikuja swali: baba alijuaje? Mtu habembelezi buluu mpaka getini kwa bahati.

Nilianza kupekua. Sioni haya kusema. Nyuma ya makopo ya rangi, kwenye rafu ya juu, nilikuta ufito wa mbao urefu wa mkono, umefungwa gazeti. Baba alikuwa ameugawa vipande kumi na vitatu kwa rangi: nyeusi, kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani na kuendelea, kila kipande kimepakwa kwa mpaka ulionyooka kama wembe. Na katikati ya ufito wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulipita mstari mmoja wa leza. Kwenye nyeusi ulichimba. Kwenye nyekundu ulichimba. Kwenye kijani ulisitasita. Kwenye buluu ya kupauka haukuonekana kabisa. Pembeni yake, kwa penseli, kwa ule mwandiko unaoujua mtaa mzima: *Hii hailiwi.*

"Umepata?"

Alikuwa amesimama mlangoni na mkebe wa chai. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Uliapa hutaigusa mashine yangu."

"Niliapa baada ya kuigusa." Aliingia, akaketi kwenye kiti chake. "Ile siku ulipokwenda mjini kutafuta feni. Una kile kitufe ulichokifungia mstari wa majaribio. Nilivaa miwani yako, nikabonyeza, nikatazama. Mara moja tu." Akafikiri. "Mara mbili. Jumanne nilirudia kuhakikisha, nikapitia kibao kimoja kilichokauka."

"Na kidole gumba ukaacha."

"Kopo lilivuja."

Nilimnyooshea ule ufito. "Ulijua tangu mwanzo. Siku tatu unanitazama naparura vibao kama kuku, unapiga mluzi!"

"Nilikuwa nangoja."

"Ukingoja nini? Nishindwe?"

"Hilo nalo," alisema, wala hakupepesa. "Sitakudanganya, nilitaka ushindwe. Meza hii nilipewa na aliyenifundisha. Lakini nilikuwa nangoja pia jambo jingine. Wewe umeleta mwanga humu ndani, mwanangu. Mwanga! Mimi miaka thelathini na moja nahangaika na mwanga: rangi ipi inang'aa juani, ipi inakufa kivulini, ipi inasomeka na dereva anayekimbia. Ulipoileta hiyo taa uliniuliza jambo moja tu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilimuuliza soketi nzima ni ipi.

"Hukuniuliza rangi," alisema. "Hata Jumatano, uliponishika, uliniuliza nimetia nini. Hukuniuliza kwa nini hailiwi. Ungeniuliza, ningekujibu."

"Ungenijibu kweli?"

Alifungua mkebe, akanusa chai, akaufunga tena. "Sijui," alisema. "Nadhani ningekujibu."

Nilisimama. Saa ilikuwa nne kasoro asubuhi, vibao vilikuwa arobaini na viwili, na kila kimoja kingechukua dakika kumi kama mambo yangekwenda sawa. Sikuwa na muda wa kulia wala wa kusamehe. Nilinyoosha mkono kwenye kopo la masizi, nikamimina kidogo kwenye sahani, nikatia maji, nikachukua kibao kingine kizima, nikaanza kukipaka chote kiwe cheusi. Masizi yalijikusanya matonematone, yakateleza juu ya rangi kama maji juu ya jani la yungiyungi.

Nilisikia anavuta pumzi kwa meno. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

"Tia sabuni," alisema hatimaye.

"Kiasi gani?"

"Ncha ya kisu. Si hivyo, unapiga povu! Lete hapa." Aliinyakua brashi. "Na unapaka upande mmoja, usirudi. Ukirudi unakokota. Tazama."

Nilitazama. Hakuweza kuvumilia kuona kitu kikipakwa vibaya mbele yake, hata kama kinapakwa ili yeye afukuzwe. Kibao kilikuwa cheusi, sawasawa, chembamba, kwa mapigo manane ya brashi. Nikakitia sandukuni. Punda akaguna. Nilipokitoa, baba alikipitishia kitambaa kibichi, masizi yakaondoka yote, na kwenye buluu safi yakabaki maneno mapya, VIPIMO VYA DAMU, yamechimbwa mpaka kwenye mti, ya kahawia iliyoiva.

Hakusema zimenyooka. Alisema, "Nafasi kati ya V na I ni kubwa mno. Kompyuta yako haina macho. Irekebishe."

Nilirekebisha. Alikuwa sahihi, mtu yule.

Tulifanya kazi siku ile mpaka jua likazama na Ijumaa tangu asubuhi. Vile viwili nilivyoharibu na kile cha mistari alivisugua kwa msasa akavipaka upya bila kunitupia neno. Katika kupokezana vibao sikuacha kumtazama mikono. Nilihesabu skrubu zangu mara mbili. Aliniona nikihesabu, akasema, "Hesabu, hesabu. Kazi njema."

Saa kumi jioni Matroni alikuja na kijana wa gari. Alipitisha vidole juu ya vibao kimoja kimoja, akavisoma kwa sauti kama anaita wagonjwa. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni, anasubiri kuona nani atalia.

Matroni alipoondoka, nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba sharti limevunjika, kwamba aliyedanganya hana haki ya kushindwa wala kushinda, kwamba tuanze upya. Nilitaka pia kumwambia kwamba meza inaweza kubaki, tutabanana. Sijui ningesema lipi kwanza. Baba alinitangulia.

"Shika upande ule," alisema. "Ina kilo nyingi kuliko sura yake."

"Baba, si lazima iwe leo."

"Sharti lilitaja Ijumaa. Rangi halikutaja, kwa hiyo sikulivunja. Shika."

Tuliitoa meza barazani. Shangazi alifuta jicho moja kwa ile futi, akadai ni moshi wa Punda.

Jumamosi niliamka na chumba kizima. Nilivuta sanduku la leza hadi dirishani, nikafunga bomba la moshi, nikatandaza waya zangu nilivyotaka. Kulikuwa na nafasi ya kucheza. Nje nilisikia sauti za watu, nikachungulia.

Baba alikuwa amekaa kwenye mwanga wa asubuhi, ambao ndani ya chumba hajawahi kuupata hata siku moja, anaandika ubavu wa mkokoteni wa mwuza maji. Watu watano walikuwa wamesimama wanatazama brashi ikizunguka mkia wa herufi. Mwanamke mmoja alikuwa anamwuliza kama anaweza kumwandikia saluni yake kwa herufi kama hizo, zenye kivuli. Mwanamume wa nyuma yake alikuwa na ubao wa hoteli kwapani. Kwa miaka thelathini na moja watu walimpata kwa kuulizia. Sasa walikuwa wanajikwaa juu yake.

Nilisimama mlangoni nikamtazama kisogo. Hii ni hasara gani, ya mtu kupewa barabara nzima? Nilianza kurudi nyuma siku moja moja: nani hasa alitaja baraza kwanza, mimi au yeye? Mimi. Nina hakika ni mimi. Lakini wiki ile kabla ya sharti ni nani aliyekuwa analalamika kila asubuhi, nikimsikia, kwamba chumba hiki kina giza?

"Shangazi," niliita dirishani kwake. "Unadhani mzee alipanga?"

"Apange nini?"

"Kushindwa."

Cherehani ilisimama, kisha ikaendelea.

Kabla sijaondoka mlangoni, mtu mmoja mwenye karatasi alimwinamia baba, akamweleza jambo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akaelekeza brashi yake mlangoni kwangu bila kugeuka. "Kazi kama hiyo, ndugu yangu, mwone fundi ndani. Mwanangu. Hana mpinzani."

Mtu yule akaniletea karatasi. Ilikuwa orodha ya namba za makabati ya wafanyakazi, kuanzia moja hadi mia mbili na kumi, zote za ukubwa mmoja, zote za umbo moja, bila mkia, bila kivuli.

Nilimtazama baba. Masikio yake yalikuwa yametulia kabisa. Alikuwa anapiga mluzi.